Jinsi ya kuchagua fremu ya kutembelea: pima mtu, nyumba na njia kabla ya kwenda dukani

Mara nyingi fremu ya kutembelea, kile kifaa cha miguu minne cha kushika kwa mikono unapotembea, hununuliwa na mtu ambaye hataitumia. Mama yuko wodini au kitandani, mwanawe anapita dukani akitoka kazini, anachukua ile iliyowekwa dirishani na kuifunga kwa boda boda hadi nyumbani. Ikifika ndipo watu wanagundua kwamba haipiti mlango wa choo, au kwamba hata ikishushwa hadi tundu la mwisho bado iko juu kwa mtu asiyefika futi tano. Inaegeshwa nyuma ya sofa, na mama anarudi kushika ukuta.

Hayo yanazuilika kwa vipimo vitatu: cha mtu, cha nyumba, na cha njia anayopita kila siku. Ukiwa navyo kwenye karatasi, muuzaji hatakuuzia alichonacho tu. Atalazimika kukutafutia unachohitaji.

Je, ni fremu kweli inayohitajika?

Fremu, au woka kama wengi wanavyoiita mtaani, humfaa mtu ambaye miguu yote miwili ni dhaifu, anayeyumba akisimama, au aliyetoka kwenye upasuaji wa nyonga au mguu na akaambiwa asikanyage kwa uzito wote. Anayehitaji kuegemea kidogo tu upande mmoja hutosheka na mkongojo. Ukimpa fremu mtu wa mkongojo, atatembea ameinama, polepole, na miguu itazidi kulegea kwa sababu mikono inafanya kazi yake. Kwa upande mwingine, mzee anayetoka chumbani hadi sebuleni akishika ukuta, kisha mgongo wa kiti, kisha meza, ameshajionyesha mwenyewe kwamba anahitaji kitu cha kushika kwa mikono yote miwili.

Kama kuanguka kumeanza juzi tu, au kizunguzungu kinakuja anapoinuka, anza na daktari. Dawa za presha zilizozidi, sukari inayoshuka na macho yaliyofifia huangusha watu, na fremu haiponyi hata kimoja kati ya hivyo. Udhaifu wa ghafla wa upande mmoja wa mwili, mdomo kwenda kombo au maneno kukwama ni dharura: hospitali saa hiyo hiyo.

Hospitali kubwa za umma jijini Nairobi, kama Kenyatta, Mbagathi na Mama Lucy Kibaki, zina idara za fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi. Ukifika huko uliza mambo matatu na uyaandike: aina gani ya fremu, mguu mbaya ubebe uzito kiasi gani (usiguse chini kabisa, uguse tu, nusu, au wote), na kwa muda gani. Jibu la pili ndilo zito kuliko yote, kwa sababu linaamua kama magurudumu yanaruhusiwa au la.

Kipimo cha mtu

Mvishe viatu atakavyotembea navyo, si ndara. Asimame wima kadiri anavyoweza, mtu mmoja akimshika, mikono ikining'inia ubavuni bila kukazwa. Pima kwa tepu kutoka kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono, pale saa inapofungwa, hadi sakafuni. Hicho ndicho kimo cha vishikio. Pima mikono yote miwili. Ikitofautiana kwa sentimita moja au mbili chukua wastani, ikizidi hapo rudi kuangalia kama amesimama sawa.

Asipoweza kusimama, alale chali kitandani bila mto mkubwa, viatu mguuni, miguu imenyooka, mikono ubavuni. Pima kutoka mkunjo ule ule hadi chini ya kisigino cha kiatu. Namba hii inatosha kununulia, ila urekebishe tena siku atakaposimama.

Fremu nyingi za watu wazima zinarekebishika kati ya sentimita 80 na 98 hivi. Kina mama wengi wafupi wanahitaji chini ya hapo, na kwa hao kuna saizi ndogo ambayo maduka mengi hayaiweki mbele. Iulizie kwa jina la kipimo: "Nataka ambayo kishikio kinashuka hadi sentimita 74," badala ya kusema tu unataka fremu ya mtu mfupi.

Pima pia uzito wake. Kila fremu ina kibandiko cha uzito inaobeba, na zile zinazotoka nje mara nyingi zimeandikwa kwa pauni: pauni 250 ni kilo 113, pauni 300 ni kilo 136. Mtu wa kilo 105 asiuziwe fremu ya kilo 100 kwa hoja kwamba tofauti ni ndogo. Anapojikwaa uzito wote hushuka kwa kishindo kwenye mguu mmoja wa fremu, na hapo ndipo bomba hupinda.

Mwisho, angalia mikono. Amwombe mjukuu mkono na auminye. Anaweza kufinya breki ya baiskeli? Vidole vimekakamaa kwa baridi yabisi? Mkono mmoja umepooza? Majibu haya yataondoa nusu ya chaguo kabla hujafika dukani.

Kipimo cha nyumba na njia

Fremu ya kawaida ina upana wa sentimita 60 hadi 65 kwenye miguu, na za watu wazito huzidi hapo. Mlango wa sebule hausumbui. Tatizo ni choo. Pima uwazi halisi wa mlango wa choo ukiwa umefunguliwa, yaani kutoka ubao wa mlango wenyewe hadi mwimo wa upande wa pili, kwa sababu bawaba na unene wa mlango hula sentimita kadhaa. Kama kuna uwazi wa sentimita 62 na fremu ni 63, usijipe moyo kwamba itapita kwa kukazana. Kung'oa mlango na kuweka pazia ni kazi ya dakika kumi na bisibisi, na mara nyingi huongeza nafasi ya kutosha. Zungumza na mwenye nyumba kwanza.

Kwenye choo hicho hicho angalia kizingiti. Nyumba nyingi za ploti zimejengewa tuta la kuzuia maji yasitoke bafuni, na sakafu ya ndani iko chini kuliko ya nje. Tuta la sentimita kumi ni ngazi kamili kwa mtu wa fremu. Ama fundi aweke mteremko wa saruji pande zote mbili, ama uweke chuma cha kushika ukutani, kilichofungwa kwa skrubu ndefu kwenye jiwe, si kwenye kigae peke yake. Choo cha kuchuchumaa hakiendani na fremu kwa namna yoyote: mtu asiyeweza kusimama bila kushika hawezi kuchuchumaa kwa kushika fremu, maana itamwangukia. Nunua kiti cha choo cha kuweka juu yake, na ukihesabu bajeti kihesabu pamoja na fremu.

Sebule za Nairobi zimejaa. Sofa kubwa, meza katikati, zulia la manyoya. Njia ya fremu inahitaji angalau sentimita 80, na mahali pa kugeukia panataka zaidi. Sogeza meza ukutani. Zulia la manyoya liondolewe kabisa, kwa sababu raba za fremu huzama na ncha za zulia hujikunja mbele ya vidole. Kulibandika kwa gundi hakutatui la manyoya. Na kwa kuwa maji ya mfereji huja kwa zamu, korido nyingi zimepangwa mitungi. Ihamishie balkoni au chini ya sinki, la sivyo kila safari ya choo usiku itakuwa ya kukwepa vizuizi gizani. Mtundikie tochi ndogo kwenye kishikio, stima hupotea bila taarifa.

Kisha toka nje uitembee njia anayoitumia, hatua kwa hatua, ukiandika sakafu unayoikuta: vigae, saruji, kabro (matofali ya kupangwa chini), lami, marram (changarawe ya barabarani), udongo mwekundu. Kabro iliyopangwa vizuri hupitika kwa magurudumu. Iliyotitia hufanya gurudumu dogo lizame kwenye ufa na kusimama ghafla. Marram yenye kokoto hukwamisha gurudumu lolote lenye kipenyo cha chini ya sentimita 15. Mwezi Aprili na Novemba udongo ukilowa, hata gurudumu kubwa hubeba tope mpaka linagoma kuzunguka. Andika pia idadi ya ngazi, upande ulio na mkono wa kushika, na urefu wa kizingiti cha geti.

Aina, na nani anafaa ipi

Isiyo na magurudumu, yenye miguu minne ya raba, ndiyo tulivu kuliko zote. Ya alumini ina kilo mbili hadi tatu. Humfaa aliyevunjika mguu au nyonga na kukatazwa kukanyaga, na anayeyumba sana. Udhaifu wake ni kwamba lazima iinuliwe kila hatua. Mtu mwenye moyo dhaifu au mapafu yanayobana huchoka baada ya mita chache, na mwenye mabega mabovu huanza kuiburura, jambo linalokwaruza raba na kumvuta mbele. Ukiona anaiburura, usimgombeze. Aina si yake.

Yenye magurudumu mawili mbele na raba mbili nyuma husukumwa badala ya kuinuliwa, na ukiiegemea, raba za nyuma hushika sakafu. Kwa wazee wengi wanaoishi kwenye nyumba zenye sakafu ya vigae au saruji, hii ndiyo tungeanza nayo. Mwendo haukatiki, na hakuna breki ya kukumbuka. Magurudumu yake mara nyingi ni ya sentimita 12 hivi, ya ndani ya nyumba. Usiitegemee kwenye marram. Fremu nyingi za kawaida zinaweza kuvalishwa magurudumu haya baadaye, kwa hiyo uliza dukani kama yanapatikana peke yake, na ya kipenyo kipi cha bomba.

Ya magurudumu manne yenye breki na kiti ndiyo inayovutia macho, na ndiyo inayonunuliwa vibaya kuliko zote. Ni nzuri kwa mtu ambaye miguu yake ina nguvu lakini pumzi inaisha: anatembea hadi kanisani au sokoni, anafunga breki, anakaa, anaendelea. Chagua yenye magurudumu ya sentimita 20 kama atatoka nje. Lakini haibebi uzito wa mtu anayeegemea kwa nguvu, ukiilalia, inakimbia. Kwenye mteremko lazima mikono ifinye breki bila kuchoka. Mtu anayesahau mambo hataikumbuka breki kabla ya kukaa, na ataketi huku kiti kikirudi nyuma. Aliyekatazwa kukanyaga mguu asiiguse kabisa. Isitoshe ina kilo sita hadi kumi, na kama mnaishi ghorofa ya nne bila lifti, jiulize ni nani atakayeibeba kila siku.

Mwenye ugonjwa wa Parkinson asichaguliwe fremu kwa kukisia. Ile ya kuinua humkatiza hatua na kuweza kumwangusha kinyumenyume. Ya magurudumu manne ya kawaida humtangulia hatua zake zinapoharakisha. Kuna zenye breki za kupunguza mwendo, na mtaalamu wa fiziotherapia ndiye wa kuamua baada ya kumwona akitembea na kugeuka.

Aliyepooza mkono mmoja kwa kiharusi hawezi kuitawala fremu ya mikono miwili. Wake ni fremu ndogo ya mkono mmoja au mkongojo wa miguu minne. Mwenye vidole vilivyopinda kwa baridi yabisi atafutiwe yenye vibao vya kulazia vigasha, ili uzito ushuke kwenye mkono wa mbele na si kwenye kifundo. Watoto wenye mtindio wa ubongo mara nyingi hutumia fremu inayokaa nyuma yao, na hiyo hupimwa kliniki, si kaunta.

Ukiwa dukani

Nenda na tepu, karatasi yako ya vipimo, na ikiwezekana mtumiaji mwenyewe akiwa na viatu vyake. Omba nafasi ya sakafu tambarare.

Fungua fremu mpaka usikie mlio wa kufunga pande zote mbili. Fremu iliyofunga upande mmoja tu inaonekana imefunguka, kisha inajikunja chini ya mtu. Weka kiganja kwenye pembe ya mbele kushoto na ya nyuma kulia, ukandamize, halafu ubadilishe pembe. Ikicheza kama meza yenye mguu mfupi, hesabu matundu ya kila mguu. Yakiwa sawa na bado inacheza, bomba limepinda, iache.

Kitufe cha pini lazima kitokeze chote kwenye tundu, si nusu. Kivute mguu kwa nguvu kuelekea chini. Angalia ndani ya raba: iliyo nzuri ina kisahani cha chuma kinachozuia bomba kuitoboa. Raba nyembamba isiyo na chuma hutobolewa mapema, na siku hiyo chuma kitagusa kigae chenye maji. Nunua seti ya pili ya raba papo hapo, kwa kipimo cha bomba hilo hilo. Raba kubwa kuliko bomba huchomoka na kubaki kwenye tope.

Ikunje na uifungue, kisha mtumiaji mwenyewe aifanye kazi hiyo kwa mikono yake. Kuna za kitufe kimoja na za viwili, na nyingine hufunguka kwa kubonyeza kwa kiganja badala ya kidole. Kama hawezi, na nyumbani huwa peke yake mchana, isiyokunjika ni salama zaidi.

Kwa ya magurudumu manne, funga breki na uisukume: gurudumu lisizunguke hata kidogo. Kaa kwenye kiti. Finya breki ya mwendo ukiwa unatembea na usikie inashika pande zote kwa wakati mmoja. Upande mmoja ukishika kwanza, inageuka kukwepa njia. Waya ya breki isining'inie nje mahali ambapo itanaswa na kitasa.

Ya mtumba au ya kupewa na ndugu wa aliyefariki si mbaya, mradi ipitie ukaguzi huu wote kwa makini zaidi. Tafuta nyufa za nywele kwenye maungio na kwenye mikunjo ya bomba kwa kupitisha ukucha. Nyufa zinazofichwa na rangi husikika kwa ukucha kabla ya kuonekana. Raba zibadilishwe zote nne hata kama zinaonekana nzima, kwa sababu raba kuukuu hukauka na kuteleza.

Omba risiti na mkubaliane kwa maandishi kwamba utarudisha ndani ya siku kadhaa ikiwa haitoshi. Kama pesa ni shida, mtu aliyesajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu anaweza kuomba kifaa cha kusaidia kupitia mfuko wake, kupitia ofisi za kaunti. Usajili huanza na tathmini hospitalini, na unataka subira, basi anza mapema hata kama utakopa fremu kwa sasa. Shirika la APDK (Association for the Physically Disabled of Kenya), lililoanzishwa mwaka 1958 na lenye kituo Waiyaki Way, Westlands, hushughulika na vifaa vya viungo na linafaa kuulizwa kabla ya kulipa bei ya duka la katikati ya jiji.

Kurekebisha kimo

Geuza fremu iwe miguu juu, au iegeshe kitandani. Bonyeza pini, sogeza, achilia mpaka ilie. Miguu yote minne ikae kwenye tundu lenye namba moja. Matundu huachana kwa sentimita 2.5 hivi, kwa hiyo kukosea moja tu kunaonekana.

Sasa asimame ndani ya fremu, ashike vishikio, mabega yakiwa yamelegea. Kiwiko kipinde kidogo, nyuzi 20 hadi 30. Mabega yakiwa yamepanda karibu na masikio, fremu iko juu: atalalamika shingo na mikono itakufa ganzi. Akiwa ameinama akitazama sakafu, iko chini: mgongo utauma na uzito utakwenda mbele. Teremsha au pandisha tundu moja moja, kisha umtazame akitembea mita tatu kwenda na kurudi, kwa sababu wengine husimama vizuri na kuinama mara tu wanapoanza mwendo.

Kutembea nayo

Mpangilio ni mmoja, na aukariri kwa sauti siku za kwanza: fremu, mguu mbaya, mguu mzima. Fremu isogezwe mbele kwa hatua moja fupi, miguu yake yote minne itue chini pamoja. Mguu mbaya uingie katikati ya fremu. Akandamize mikono, mguu mzima ufuate. Vidole visivuke mstari wa miguu ya mbele ya fremu. Akikaribia upau wa mbele, kitovu cha uzito kinakwenda nyuma na anaweza kuanguka chali.

Kosa linalojirudia kuliko yote ni kuisukuma fremu mbali halafu kuifukuza. Mkumbushe abaki ndani yake. Kosa la pili ni kugeuka kwa kuzungusha mwili huku fremu ikibaki mahali: ageuke kwa hatua ndogo ndogo, fremu ikigeuka pamoja naye, na aelekee upande wa mguu mzima inapowezekana.

Kuinuka kutoka kitini kunahitaji somo lake. Asogee ukingoni, aweke miguu nyuma ya magoti kidogo, akandamize mikono ya kiti na kusimama, ndipo ahamishe mkono mmoja mmoja kwenye fremu. Ukivuta fremu ili uinuke, inainuka nayo na kukujia. Kukaa ni kinyume chake: arudi nyuma mpaka miguu iguse kiti, aachie mkono mmoja atafute mkono wa kiti, kisha wa pili, ashuke taratibu. Sofa la chini lenye kuzama humtesa. Weka kiti kigumu chenye mikono, magoti yakiwa chini kidogo ya nyonga.

Asibebe chai mkononi. Mfuko mdogo ufungwe katikati ya upau wa mbele, ndani, ukiwa na simu, dawa na chupa ndogo ya maji. Mkoba mzito wa sukumawiki ukining'inizwa kishikioni huivuta fremu mbele au upande.

Geti, ngazi na matatu

Mlango mdogo wa geti la chuma ni mtihani wa Nairobi. Ni mwembamba, na una kizingiti cha chuma ambacho kinafika juu ya kifundo cha mguu. Fremu iliyofunguliwa kwa kawaida haipiti, na kuinuka juu ya kizingiti huku umeikunja kunamwacha mtu bila kitu cha kushika. Mwombe soja afungue geti kubwa kila mara, bila kuona haya, na ongea naye mapema ili azoee. Anayelinda geti akijua mzee yuko kwenye fremu, atafungua akimwona akija.

Kwenye kingo za barabara: kupanda, fremu ipande kwanza, kisha mguu mzima, kisha mbaya, kushuka, fremu ishuke, kisha mguu mbaya, kisha mzima. Kwa tuta moja hii inatosha. Ngazi za jengo si kazi ya fremu. Ashike mkono wa ngazi kwa mkono mmoja na mkongojo kwa mwingine, mtu mwingine abebe fremu na kumngoja juu. Familia inayoishi ghorofa ya tano na mzee aliyevunjika nyonga ifikirie kwa dhati kuhamia chini, hata kwa miezi michache tu. Ngazi humfungia ndani, na kukaa ndani kunamdhoofisha kuliko nyonga yenyewe.

Kwenye matatu hatua ya kwanza ni ndefu. Kunja fremu, mpe kondakta, shika chuma cha mlango, mguu mzima utangulie. Asijivute kwa fremu. Kwenye teksi ni rahisi: agize gari lenye buti, atembee hadi mlangoni, ageuke mgongo, akae kitini kwanza, kisha aingize miguu. Kiti cha mbele kikisukumwa nyuma kabisa ndicho chenye nafasi.

Kuitunza, na siku ya kuiacha

Kila wiki futa tope kwenye mistari ya raba kwa mswaki mzee, maana mstari uliojaa udongo mwekundu huteleza sawa na raba iliyokwisha. Kila mwezi geuza miguu juu: mistari ikiwa imelainika katikati, badilisha raba zote nne pamoja, si moja. Fremu inayoingia bafuni ifutwe na kukaushwa. Alumini haishiki kutu lakini pini na springi zake hushika, na kitufe kilichokwama ndicho kinachoshindwa siku unapotaka kurekebisha. Tone moja la oili ya cherehani linatosha, usilipake kwenye raba. Breki iliyolegea hukazwa na fundi baiskeli yeyote aliyezoea waya.

Baada ya wiki mbili mtazame tena akitembea. Wekundu kati ya kidole gumba na kiganja, bega linalouma upande mmoja, au fremu anayoibeba mkononi badala ya kuiegemea, ni ishara kwamba kimo, aina au haja yenyewe imebadilika. Anayeibeba pengine yuko tayari kwa mkongojo. Mrudishe kwa mtaalamu wa fiziotherapia athibitishe.

Bomba likipasuka au kupinda, usipeleke kwa fundi wa kuchomelea. Alumini haikubali uchomeleaji wa kawaida wa chuma, na hata bomba la chuma likinyooshwa hubaki dhaifu pale pale lilipopinda. Ng'oa raba na pini zilizo nzima uziweke akiba, kisha kata bomba kabla ya kuiuza fremu kwa wanunuzi wa chuma chakavu, ili isije ikaokotwa na kuuzwa tena kwa mtu mwingine.